Kimya cha Darasa la Kwanza B

Harufu ya maji yaliyonyunyizwa kwenye sakafu yenye vumbi ndiyo inayonirudisha. Wanafunzi wangu wa darasa la kwanza, hapa Boko ninapofundisha siku hizi, hupokezana kila asubuhi kunyunyiza maji kabla ya kufagia, na hunyunyiza kwa fujo, nusu sakafuni na nusu kwenye sare za wenzao. Vumbi linanyanyuka, linatulia, halafu harufu ile inakuja. Mwalimu mwenzangu wa chumba cha jirani anaipenda. Anasema inamkumbusha mvua za kwao. Mimi inanikumbusha chumba kimoja kule Temeke, upande wa Yombo, na watoto themanini na ushee waliokaa kimya kwa wiki nzima bila kuchapwa na mtu.

Lakini kabla ya kimya kulikuwa na kelele, na kelele zile ni vizuri nizieleze kwanza, maana nilizipenda.

Mwalimu wetu aliitwa Anjelina. Alikuwa mama wa makamo kutoka bara, mrefu, mwenye sketi za kufika kwenye vifundo vya miguu na raba za kijivu alizozivaa jua na mvua. Kifuani alibandika pini sita au saba, tukadhani ni vyeo, kumbe zilikuwa za kutufungia mashati yetu yaliyokatika vifungo. Penseli alizikata katikati ili zitutoshe. Mtoto aking'oka jino alimruhusu atoke nje alirushe juu ya bati la darasa, nasi tuliobaki ndani tulikaa tumenyanyua vichwa, tukisubiri kulisikia likitua. Likitua tulishangilia mpaka darasa la tano la jirani likagonga ukuta.

Mimi na Zamda tulikaa dawati la mwisho, kando ya dirisha. Zamda alikuwa mtoto wa mama muuza samaki wa kukaanga, na sauti ya mama yake alikuwa ameichukua yote bila kubakiza. Hakuwa mtundu. Alikuwa tu na mdomo usiojua kusema polepole. Akinong'ona, darasa zima lilijua siri. Na kicheko chake kilikuwa kinaanzia tumboni, kinapanda kwa mikwaruzo, halafu kinalipuka, na kikilipuka hata aliyekuwa analia alijikuta anacheka.

Siku Mwalimu Anjelina alipokuwa anaandika majina yetu kamili, alimsimamisha.

"Zamda nani?"

"Zamda."

"Baba yako anaitwa nani?"

"Baba Zamda."

"Hilo la nyumbani. Mama yako akimwita baba anamwitaje?"

Zamda alifikiri kidogo. "Anamwita, We mwanaume."

Mwalimu alicheka mpaka akaegemea ubao, chaki ikamchafua mgongo mzima. Wiki hiyohiyo, kwenye hesabu, alimuuliza, "Zamda, nikikupa maandazi mawili, halafu nikakupa mengine matatu, utakuwa na mangapi?" Zamda akajibu hatakuwa na hata moja, kwa sababu mama yake kamkataza kula vya watu. Mwalimu akacheka tena, na kicheko kile kikaishia kwenye kikohozi kirefu, akakaa kwenye kiti, akatuonyesha kwa mkono tuendelee kuandika. Ndiyo mara ya kwanza ninayoikumbuka. Mtoto mmoja alimpelekea kikombe chake cha uji, hakikuwa na kitu ndani, lakini mwalimu alikipokea na kunywa vilevile.

Mimi nilikuwa monita. Sikuchaguliwa kwa ushujaa wowote. Dada yangu alikuwa amenifundisha herufi nyumbani, basi nikaonekana msomi. Kazi ya monita, kama ilivyo mpaka leo, ilikuwa kuandika wapiga kelele mwalimu akitoka. Tatizo ni kwamba herufi nilizijua, majina ya watu sikuyaweza. Nikabuni njia yangu. Nilichora. Hamisi, aliyekuwa anavaa ndala moja nyekundu na moja ya bluu, nilimchora ndala. Rehema nilimchora kitana. Zamda nilimchora mdomo: duara kubwa lenye meno. Mwalimu Anjelina alipenda sana orodha zangu. Aliinyanyua karatasi juu na kuuliza, "Na huyu mdomo ni nani?" Darasa lote likaitika, "Zamdaaa!" na Zamda mwenyewe akiitika kuliko wote. Hakuna aliyechapwa. Adhabu ya mwalimu ilikuwa kuja mbele na kuimba.

Nakumbuka jinsi nilivyojivunia karatasi zile. Sikujua kwamba nilikuwa nashika kitu chenye makali.

Kikohozi kilizidi. Siku moja mwalimu hakuja, na siku ya pili hakuja. Hakuwa mbali; alikaa kwenye nyumba ya walimu iliyokuwa nyuma ya darasa letu, hatua chache tu kutoka dirisha letu mimi na Zamda. Tuliona mlango wake wenye pazia la kijani, ndoo yake, kamba yake ya nguo. Siku zile mbili darasa letu lilikuwa gulio. Watoto walipanda juu ya madawati, wengine walitoka kwa mlango na kurudi kwa dirisha. Nilichora mpaka karatasi ikajaa.

Siku ya tatu akaingia Mwalimu Kibwana wa darasa la tano. Alikuwa amepewa madarasa yote mawili, lake na letu, na ukuta katikati. Nikimfikiria leo, nikiwa na umri unaopita wake wa wakati ule, sipati shida kumwelewa. Mtu mmoja, watoto zaidi ya mia na hamsini, nusu yao hawajui kufunga hata zipu. Alisimama mbele, akatungoja tuchoke, halafu akasema kwa upole ambao haukuwa desturi yake.

"Mnampenda mwalimu wenu?"

"Tunampendaaa!"

"Anaumwa. Nyumba yake ile pale. Mnavyopiga kelele anasikia zote. Mgonjwa akisikia kelele hapumziki, na asipopumzika haponi. Mnataka apone, hamtaki?"

"Tunataka!" tulipiga kelele, halafu tukashtuka, tukajiziba midomo wote kwa pamoja.

Basi. Alikuwa ametafuta njia ya kutunyamazisha hadi kengele ya mapumziko. Hakujua ametupa dawa ya kumtibu mgonjwa.

Sijawahi tena kuona watoto wakifanya kitu kwa moyo kama tulivyofanya sisi wiki ile. Tulijikaza kisabuni. Tulivua viatu mlangoni ili visigonge sakafu. Shikamoo tuliitoa kwa midomo bila sauti, watoto themanini wakifungua na kufunga midomo mbele ya Mwalimu Kibwana, naye akajibu marahaba huku anatazama pembeni ili asicheke. Aliyetaka kwenda kujisaidia alinyoosha kidole na kubana miguu. Hamisi akikohoa alikohoa ndani ya shati. Jino la Rehema liling'oka, akalifunga kwenye kona ya leso yake, akisubiri mwalimu apone ndipo alirushe juu ya bati.

Wakati wa mapumziko tulimwendea mvulana wa darasa la saba aliyekuwa anagonga kengele, ambayo ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, tukamsihi aigonge polepole. Akatufukuza. Siku iliyofuata tukakuta Hamisi kaivalisha rimu ile sweta lake. Tulikwenda pia kwa mama aliyekuwa anauza mihogo ya kukaanga getini, tukamwambia kwa kunong'ona asiite wateja.

"Nyie watoto mna wazimu?" alisema. "Nisipoita nitauzaje?"

"Mwalimu anaumwa," tukamwambia.

Mama yule alitutazama, halafu na yeye akaanza kunong'ona. "Haya, njooni basi. Mihogo, mihogo, pilipili bure." Akauza vilevile. Kundi jingine lilipewa kazi ya kufukuza kuku wote waliopita karibu na nyumba ya mwalimu, hasa majogoo.

Walimu walianza kuja kutuchungulia. Mwalimu mkuu alimleta mgeni mmoja, akasimama naye mlangoni, akasema hili ndilo darasa la mfano. Mgeni akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Nyumbani mama alinishika shingo kuangalia kama nina homa, maana sikuwa naongea hata huko, nisije nikasahau nikifika shule.

Mimi sasa nilikuwa mtu mkubwa. Karatasi yangu ya wapiga kelele haikuwa tena ya kuimba. Anayechorwa alikuwa anamcheleweshea mwalimu kupona, na wote tulilijua hilo. Watoto walichungulia karatasi kwa woga, na aliyejiona humo alilia, tena alilia bila sauti, machozi tu.

Zamda alichorwa mara nne siku ya kwanza ya kimya. Mara zote nne hakukusudia. Siku ya pili alikuja na kola ya gauni mdomoni, akaitafuna mpaka ikachanika, akachorwa mara mbili. Niliona uchungu alionao. Alimpenda mwalimu kuliko sisi wote, na ni yeye pekee aliyekuwa hawezi. Siku ya tatu akapata ufumbuzi. Alikwenda bombani kabla ya kipindi, akachota maji mdomoni, akaja kukaa. Mashavu yamevimba, macho yamemtoka. Alikaa hivyo kipindi kizima. Kengele ilipolia alikwenda nje, akatema, akachota mengine. Alifanya vile siku ile, na siku iliyofuata, na hakuchorwa hata mara moja. Alinionyesha karatasi safi kwa kidole, akanitazama kwa fahari, na tone moja la maji likamtoka kwenye pembe ya mdomo.

Na ikafanya kazi! Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, pazia la kijani lilisogezwa na Mwalimu Anjelina akatoka. Dada mmoja alikuwa amemshika mkono. Alikalishwa kwenye kigoda juani, amejifunga khanga mbili, amekonda, lakini alikuwa yeye na raba zake za kijivu. Watoto wote wakajazana dirishani kwetu, wakatundikana mgongoni mwangu na mwa Zamda, na hakuna aliyetoa sauti. Tulimpungia mikono yote miwili. Yeye akanyanyua wa kwake kidogo, akautua kwenye paja. Mwalimu Kibwana alikuja kusimama nyuma yetu. "Mnaona?" alisema. "Mnaona kazi yenu?"

Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Naandika hivi nikiwa nimezaa watoto wawili, na bado nasema sijawahi.

Siku ya tano, baada ya mapumziko, tulikuwa tunanakili herufi kutoka ubaoni. Wenzetu wote walikuwa wameinamia madaftari. Zamda alikuwa na maji yake mdomoni. Mimi nilikuwa nimegeuka kidogo kutazama dirishani, kuona kama mwalimu ametoka tena kuota jua; hakuwa ametoka. Kigoda kilikuwa pale peke yake.

Mjusi akadondoka kutoka kwenye kenchi za paa, akaniangukia shingoni, akaingia ndani ya kola.

Nilipiga ukelele. Sina neno jingine. Ulitoka wote, wa wiki nzima niliyokuwa nimenyamaza, ukapita dirishani, ukaenda moja kwa moja kwenye lile pazia la kijani. Mjusi akatokea chini ya sketi, akapotea. Yote hayo hayakuchukua muda wa kuhesabu hadi tano. Watoto walipogeuka nyuma walinikuta nimeshika penseli juu ya karatasi yangu, na kando yangu Zamda, macho yamemtoka.

"Zamda!" mtoto mmoja alinong'ona kwa hasira. Na wengine wakafuata, mnong'ono unapita dawati hadi dawati. "Zamda. Zamda. Zamda."

Mwalimu Kibwana aliingia mbio na fimbo ya ramani mkononi. "Nani?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hatukuwa tunajibu kwa sauti. Walinitazama mimi. Kazi ilikuwa yangu. Zamda naye alinitazama, mashavu yamejaa, hawezi kufungua mdomo bila kumwaga maji, na maji yakimwagika ni kosa jingine. Alikuwa anangoja niseme. Hakuwa na wasiwasi. Mimi ndiye niliyekaa naye, mimi ndiye niliyejua.

Nikachora duara. Nikatia meno.

Mwalimu Kibwana aliitazama karatasi, akamshika Zamda mkono, akamtoa nje. Nilimwona koo likipanda na kushuka alipoyameza yale maji mlangoni. Alimpigisha magoti chini ya dirisha letu, uso umeelekea nyumba ya mwalimu. Nikiinama niliona nywele zake zilizosukwa mistari minne na vumbi kwenye nyayo zake. Nilikaa pale nikimsubiri aseme. Alikuwa na mdomo mtupu sasa, na ile sauti yake. Angesema mara moja tu shule nzima ingesikia. Hakusema. Muda wote aliopiga magoti alitazama pazia lile bila kupepesa, na hadi kengele ya kwenda nyumbani hakugeuka kunitazama.

Asubuhi yake tulikuta turubai limefungwa mbele ya nyumba ya mwalimu.

Mwalimu Kibwana alituambia akiwa amekaa kwenye dawati la mbele, kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfikia kifuani. Alisema Mwalimu Anjelina amefariki alfajiri. Alisema tulikuwa watoto wazuri. Akafunika uso, akatoka, na wala hakurudi kutazama alichotuachia. Maana alipotoka tu, vichwa vyote viligeuka kwenye dawati letu. Hakuna aliyempiga Zamda, hakuna hata aliyemtukana. Rehema alifungua kona ya leso yake, akalichukua jino lake, akaja kuliweka mbele ya Zamda juu ya dawati, akarudi kukaa. Aliona halina tena kazi. Zamda alilitazama jino lile.

Niliuma penseli. Niliuma mpaka risasi ikavunjika ndani ya mdomo wangu. Nilijua vizuri kabisa nani amemuua mwalimu.

Tulipangwa mistari kwenda kuaga kabla ya mwili kusafirishwa kwao. Chini ya turubai wanawake walikuwa wanalia kwa sauti kubwa, wengine wanagaragara, dada yule aliyemkalisha kwenye kigoda anaita jina la mwalimu tena na tena. Nakumbuka nilivyoshangaa. Zile zote zilikuwa kelele, tena mlangoni pake, na hakuna aliyewakataza. Watoto wa darasa la kwanza B tulipita mbele ya jeneza peku, viatu mkononi. Hatukuambiwa tuvue. Watu wazima walilia zaidi walipotuona hivyo. Zamda alikuwa wa mwisho kwenye mstari, na kati yake na mtoto wa mbele palikuwa na nafasi ya watu watatu.

Hakusema tena. Watu hunisahihisha nikisema hivyo, wanasema mtoto hawezi, lazima alisema. Ni kweli alijibu akiulizwa, kwa sauti ya chini, maneno mawili au matatu. Kucheka hakucheka. Mwalimu mpya alimsifu kwa mama yake siku ya wazazi, akasema ana binti mtulivu sana, na mama yule muuza samaki akaangalia huku na huku kana kwamba amesifiwa mtoto wa mtu mwingine. Alisema, "Huyu Zamda wangu? Huyu?" Nyumbani kwao wakadhani kakua. Mimi nilihamishiwa dawati la mbele kwa sababu ya usomi wangu, na nilishukuru.

Nilikuwa darasa la tatu nilipomwambia dada yangu. Sikumwambia yote, nilimuuliza tu mtu akipigiwa kelele mara moja, kelele kubwa, anakufa baada ya muda gani. Dada aliacha kuosha vyombo. Akanicheka. Mwalimu Anjelina alikuwa na ugonjwa wa moyo, alisema, tangu kabla hajahamia shule yetu, kila mtu mtaani alijua. "Kelele gani wewe? Kelele zinauaga mtu?"

Nililia kwa raha. Usiku huo nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala kwa miaka miwili. Na hapa ndipo ninapojichukia, si pale kwenye karatasi. Pale kwenye karatasi nilikuwa na miaka saba na mjusi mgongoni. Lakini asubuhi ile nilikwenda shule nimefunguliwa, mwepesi, na Zamda alikuwa amekaa madawati mawili nyuma yangu, na hakuna dada aliyemwambia. Ningemwambia neno moja tu. Ila ili nimwambie kwamba kelele haziui, ingebidi tuzungumze kelele zilikuwa za nani. Nikasema kesho. Nilisema kesho mwaka mzima. Halafu mama yake akaugua, na Zamda akapelekwa kwa bibi yake Lindi, na dawati lake likakaliwa na mtu mwingine.

Niliingia ualimu. Nimefundisha darasa la kwanza miaka yote hii, na nikipewa darasa kubwa huomba nirudishwe. Watoto wananichekesha kila siku ya Mungu. Juzi mmoja kaniuliza kama nilikuwepo wakati Mungu anaumba twiga, na kama aliogopa. Nacheka nao. Ila wakinyamaza wote kwa pamoja, bila sababu, kama inavyotokea, natazama madawati ya nyuma. Mara mbili nimemwona pale, mashavu yamevimba. Ni uchovu, najua. Lakini nimemwona.

Mwaka huu, siku za kuandikisha watoto, aliingia mama mmoja ofisini akiwa amemshika mkono binti wa miaka sita. Alikuwa amejifunga mtandio wa kahawia, mfuko wa nailoni wenye cheti cha kuzaliwa mkononi. Alisalimia kwa sauti ya chini mno hata nikamwomba arudie.

"Habari za asubuhi, mwalimu. Nimemleta Nasra."

Nikamuuliza mtoto anajua kuhesabu mpaka ngapi. Mtoto akanyanyua vidole kumi, akavifunga, akavifungua tena. Ishirini. Hakutoa sauti.

"Hatakusumbua," mama yake alisema. "Nimemfundisha kutulia. Hata hutajua kama yupo."

Nilikuwa nimeshalinakili jina la mama kutoka kwenye cheti kabla mkono haujaelewa ulichoandika. Nikanyanyua uso. Alikuwa ananitazama, na nadhani alikuwa amenitambua tangu mlangoni.

"Monita," alisema.

Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Nikasema tu, "Zamda, ni mie. Ile siku. Haikuwa wewe, ilikuwa mie nimepiga kelele."

"Najua," alisema. "Si nilikaa na wewe?"

"Mbona hukusema?"

Alikaa, akamvuta mtoto karibu, akamweka kati ya magoti yake. "Niliogopa. Wewe ulikuwa unatazama dirishani, unatazama kwake. Halafu ukapiga ukelele ule. Nikajua umekiona."

"Nimeona nini?"

"Kilichokuja kumchukua. Nilipopigishwa magoti pale nilitazama muda wote ili na mie nikione. Sikukiona. Nikasema nikitoa sauti kitageuka, kitanitazama mie." Alisema hayo taratibu kabisa, kwa ile sauti ya chini. "Nimekua, najua ni utoto. Ila nilishazoea. Mpaka leo hujawahi kuniambia uliona nini."

Niliiweka kalamu chini.

"Mjusi," nikasema. "Mjusi aliniangukia. Akaingia kwenye shati."

"Mjusi?"

"Mjusi, Zamda. Wa kwenye kenchi."

Alinikodolea macho. Midomo yake ikaanza kutetemeka, nikadhani analia kwa nilichomfanyia. Kumbe haikuwa kilio. Kilianzia tumboni, kikapanda kwa mikwaruzo, akajaribu kukishika, kikamshinda, kikalipuka humo ofisini mpaka karani wa chumba cha pili akafungua mlango kuona kuna nini. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Alicheka akipiga meza kwa kiganja, machozi yanamwagika, "Mjusi! Mama yangu, mjusi!" na mimi nikajikuta nimenyanyuka, nacheka naye, nalia naye, sijui kipi.

Mtoto alikuwa amejitoa katikati ya magoti yake. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akagota ukutani, anamtazama mama yake, uso umebadilika. Halafu akaangua kilio cha woga, kwa sauti kubwa ajabu. Alikuwa hajawahi kukisikia kicheko kile tangu azaliwe. Hakujua ni nini kimemwingia mama yake.

Zamda akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akasubiri kicheko kitulie, mabega bado yanaruka, halafu akauokota mtandio wake na kujifunika.

"Samahani, mwalimu," aliniambia, tena kwa ile sauti ya chini. "Nisamehe. Nimekupigia kelele."